Mstari wa Ukuta wa Mbale

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi, na ombi moja: niandike habari za taa. Mlisema nimeshinda na taa za mabasi maisha yangu yote, na kwamba nikiondoka hivi hivi nitaondoka na elimu. Asanteni kwa saa. Elimu yenyewe si nyingi, na sehemu kubwa mnaijua tayari kwa sababu niliwapigia kelele kila siku. Kuna jambo moja msilolijua. Nimeliweka mahali pake, kwa mpangilio wa miaka, kwa hiyo msirukeruke kulitafuta.

Vyeo sitaviandika. Nilianza fundi wa umeme wa magari, nikamaliza fundi wa umeme wa magari mwenye meza.

Nilianzia Jinja. Karakana ya kampuni yetu ilikuwa upande wa viwandani, kwenye njia ya kuteremkia Masese, na siku ya kwanza nilifika na bisibisi tatu mpya na kiburi kingi. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mafuta kutoka Kenya. Nilikulia kando ya barabara kuu, nikadhani kuyaona magari ni kuyajua. Aliyenipokea ni Mzee Rajabu, Mnubi wa palepale Jinja, mtu mfupi mwenye shati la kaki lililofungwa vifungo vyote, na kiunoni mkanda mpana wa ngozi wenye bizimu ya shaba. Mkanda huo aliurithi kwa baba yake aliyekuwa askari. Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, safari ndefu kidogo, maana mimi ni Mjaluo na Mungu hakunibania urefu.

"Unaitwa nani?"

"Otieno, Mzee."

"Haya Otieno, hii basi taa yake ya kushoto haiwaki. Tengeneza."

Nikatoa bulbu, nikatia mpya. Haikuwaka. Nikatia nyingine, kimya vilevile. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu anakunywa chai. Nilipomwendea kuomba bulbu ya tatu akaniuliza, "Mgonjwa akikohoa, wewe unamnunulia kifua kingine?"

Kisha akainuka na kifaa chake: taa ndogo ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili, moja ina kibanio na nyingine ina msumari. Nanyi mnacho kifaa hicho siku hizi, ila chenu kimetoka dukani. Akagusa kwenye soketi ya bulbu, taa yake ndogo ikawaka: umeme unafika. Basi kama umeme unafika na bulbu haiwaki, umeme huo hauna njia ya kurudi. Akafuata waya wa ardhi mpaka kwenye bodi, akafungua bolti moja iliyojaa kutu, akaisugua kwa msasa, akaifunga. Taa ikawaka. Zile bulbu mbili nilizozitupa zilikuwa nzima, na nilitumwa kuzitafuta kwenye pipa la taka huku makondakta wakinishangilia.

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo naliamini. Angalia bulbu, angalia fyuzi, tafuta umeme, tafuta ardhi, ndipo uje kwenye rilei na swichi. Na unapotia bulbu mpya usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya kidole yanachemka pale na kioo kinapasuka, halafu unalaumu Wachina.

Tulitengeneza pia magari ya watu wa nje, meneja akiwa hayupo. Nakumbuka pikapu moja ya samaki kutoka Masese. Dereva akikanyaga breki, taa kubwa zinafifia na indiketa inawaka yenyewe. Alikuwa ameshaipeleka kuombewa mara mbili. Tulipotoa grili tukakuta maji ya barafu ya samaki yamekula waya wa ardhi hadi umebaki uzi. Umeme ukikosa njia yake unapita kwa jirani, ndiyo maana unaona taa zisizohusika zinawaka. Mzee Rajabu alimpa yule dereva kipande cha waya mbovu akamwambia, "Jini lako hili, kalizike."

Nakumbuka pia teksi ya Buwenge ambayo taa yake ilijaa maji kama kikombe. Mwenyewe alikuwa ameiziba kwa gundi kila upande na bado maji yakaja. Taa ina tundu dogo chini la kupumulia. Alikuwa ameliziba nalo, kwa hiyo mvuke ulipoingia haukuwa na pa kutokea. Tulizibua tundu, tukaikausha taa juani, basi.

Lakini kazi ya taa haiishii kwenye kuwaka, na hapa ndipo mafundi wengi wanapofunga vyombo vyao mapema. Pale Jinja, basi likishatengenezwa taa, lilisogezwa mbele ya ukuta, magurudumu ya mbele yakae kwenye mawe mawili yaliyopakwa chokaa. Ardhi iwe tambarare, tairi ziwe na upepo sawasawa. Ukutani palikuwa na mstari mweupe. Unawasha mwanga wa chini, unazungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka chini ya mstari kuwe na mwanga na juu yake giza. Mabasi yetu yote yalikuwa ya aina moja, na Mzee aliyapima zamani akaona kipimo kinaangukia palepale kwenye bizimu ya mkanda wake. Kwa hiyo hakuhitaji futi. Alisimama kuegemea ukuta, akaweka chaki kwenye bizimu, akachora.

"Mwanga ukate kwenye bizimu," alisema kila alipomaliza basi. Alisema hivyo mara nyingi hata makondakta wakaifanya salamu. Mimi niliisikia kwa miaka minane, na neno ukilisikia miaka minane huachi tu kuliuliza, unaacha hata kulisikia vizuri. Maana yake ni kwamba taa ikielekea juu, dereva wako anaona mbali na anafurahi, ila anayekuja mbele yake haoni kitu.

Kampuni ilipofungua karakana ndogo Mbale, nilipelekwa mimi. Nilipata nyumba Nkoma, kati ya waalimu na wanafunzi, nikawa napanda bodaboda asubuhi kwenda kazini na kujiona mkubwa. Mzee Rajabu alikuja nami wiki ya kwanza. Alichagua ukuta wa stoo ya jirani unaotazama uwanja wetu, akapanga mawe mawili, akaegemea, akachora mstari wake. Kisha akapanda basi la asubuhi kurudi Jinja.

Mstari huo ulitutumikia miaka mingi. Halafu Jumatatu moja nikafika kazini nikakuta ukuta wote ni wa buluu, umechorwa beseni kubwa la povu. Mwenye stoo alikuwa amewaruhusu watu wa tangazo la sabuni kupaka, na kwa kweli ulipendeza. Mstari wetu ulikuwa chini ya povu. Palikuwa na basi linalosubiri kutoka saa sita mchana. Nikachukua chaki, nikaegemea ukuta, nikaiweka kwenye bizimu, nikachora. Kisha nikavuta uzi, nikaweka pimamaji, nikapaka rangi nyeupe. Ulikuwa mstari ulionyooka kuliko wa Mzee. Nilirudi nyuma hatua chache nikajisifu.

Najua mmeshaona. Mimi sikuona kwa wiki tisa. Futi ilikuwa kwenye droo ya meza yangu.

Madereva walifurahi kupita kiasi. Waiswa, Msoga mmoja mcheshi aliyeendesha basi la jioni la njia ya Tirinyi, alinishika mkono akasema, "Bwana fundi, sasa hii taa inaona mpaka kesho!" Wiki iliyofuata akaja na lalamiko. "Lakini watu ya hii njia wamepata kiburi. Kila gari nakutana nayo inaniwashia taa ful." Nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye meza kwamba watu siku hizi hawana adabu. Dereva mwingine alilalamika hivyohivyo. Nilimjibu jibu lilelile.

Huo ulikuwa mwaka wa imbalu, mwaka wa tohara ya Wagisu. Aliyekaa Mbale anajua: vijana waliopakwa unga wanacheza barabarani na njuga, ndugu zao nyuma, na kila nyumba ina busaa, pombe ya kunywewa kwa mrija. Asubuhi moja Waiswa aliingia uwanjani na askari wa trafiki ndani ya basi. Basi halikuwa na mkwaruzo. Akanieleza akiwa amesimama mlangoni pangu.

"Kuna jamaa ya pikipiki jana usiku. Alikuja upande yake vizuri. Alafu akanyanyua mkono hivi." Akanyanyua mkono wake mbele ya uso. "Kama ananisalimia afande. Akaingia kwa mtaro, akakufa hapohapo. Mlevi, bwana. Jerikeni ya busaa ilipasuka, mwili yake yote inanuka."

Mkaguzi wa magari alikuja akajaribu breki, honi, taa. Taa zote zinawaka. Akaandika hivyo, na Waiswa akaruhusiwa kurudi kazini. Marehemu aliitwa Mafabi, mwashi wa nyumba kutoka kijiji kimoja cha kupanda mlima upande wa Wanale. Karatasi ilisema alikuwa amelewa. Mimi nilitikisa kichwa nikasema pombe itatumaliza.

Siku kumi baadaye Mzee Rajabu alikuja kututembelea. Alikuwa amezeeka, lakini mkanda ulikuwa uleule. Tulisalimiana, akaulizia watoto, kisha akatembea uwanjani akisifu hiki na kile, mpaka akafika kwenye ukuta.

"Huu mstari amechora nani?"

"Mimi, Mzee. Walipaka rangi juu ya ule wako."

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa bizimu. Kama ulivyonifundisha."

"Bizimu ya nani?"

Hakungoja jibu. Aliuegemea ukuta. Mstari wangu ulimpita kifuani, kwenye mfuko wa shati anapochomeka kalamu. Afadhali angenitukana, maana alikuwa hodari wa kutukana, lakini alisema tu, "Lete futi." Kutoka bizimu yake hadi mstari wangu palikuwa na zaidi ya shubiri. Kwa umbali ule wa ukuta, shubiri inatosha kuupeleka mwanga moja kwa moja kwenye macho ya mtu.

Tuliufuta mstari, tukachora mwingine, na kwa siku mbili tukayaita mabasi yote tisa kurudi. Meneja aliambiwa ni ukaguzi wa kawaida. Siku ya pili, tukiwa tumebaki na basi la Waiswa, nikamweleza Mzee habari za mtu wa pikipiki. Nilimweleza kama habari tu. Nilipofika mahali pa mkono nikaunyanyua wangu kama Waiswa alivyofanya, mbele ya macho, na hapo ndipo nilipoelewa. Mtu hasalimii hivyo. Mtu anayepigwa na mwanga ndiye anayefanya hivyo. Mkono ulinibaki hewani.

Mzee aliketi kwenye jiwe la chokaa. Akasema, "Nenda kwa watu wake. Waambie."

"Hatuna hakika, Mzee. Labda alikuwa amekunywa kweli."

"Labda. Wewe waambie unachokijua. Usichokijua kiache kwao."

"Twende wote basi."

"Mimi sikuchora. Toba haitumiwi mjumbe, wala haina kusindikizwa."

Nilijaribu kwanza kujua, na hilo lilikuwa kosa jingine, kwa sababu nilijua. Jirani yangu wa Nkoma, mwalimu, alikuwa wa kijiji kilekile. Akaniambia Mafabi alikuwa mnywaji kweli zamani, mpaka mkewe Nambozo akafungasha kurudi kwao. Akamwapia mkewe kwamba hatanywa tena, na kwa miaka miwili hakuna aliyemwona na mrija mdomoni. Siku ile alitumwa busaa ya tohara ya mpwa wake, aibebe tu. Sasa kijiji kizima kinasema alikunywa njiani, na mkewe anasema alidanganywa. "Hata kaburini hakulia," mwalimu alisema. Ndicho nilichokuwa nacho mikononi: maneno machache ambayo yangemrudishia mtu aliyekufa kiapo chake.

Sikwenda. Msinitafutie sababu nzuri. Nilitafuta mwenyewe na sikuipata. Niliogopa jela, niliogopa kufukuzwa, na hofu hizo zilipoisha nikaona aibu kwa kuwa nimechelewa, na kila mwaka aibu ilikuwa na umri zaidi. Niliendelea kufanya kazi vizuri. Nyinyi mlionikuta Mbale mlinicheka kwa kupima kila basi kwa futi mara tatu na kuandika kipimo ukutani kwa tarakimu. Mlisema ni uzee.

Kila Idi nilimpigia Mzee Rajabu simu kumtakia heri, na kila mara baada ya salamu aliuliza, "Umekwenda?" Nami nilijibu, "Bado, Mzee." Hakunigombeza hata mara moja. Idi yake ya mwisho alikuwa amelala kitandani, sauti imekwisha, mjukuu ndiye aliyemshikia simu. Akauliza. Nikamwambia, "Nimekwenda, Mzee." Nilimsikia akishukuru Mungu, kisha akaniombea dua ndefu, mimi na nyumba yangu. Tulimzika Jinja wiki tatu baadaye. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo la dua linaniuma kuliko mstari, kwa sababu mstari niliuchora bila kujua.

Jumatatu baada ya sherehe yenu niliamka sina pa kwenda. Nikaita bodaboda, nikataja kijiji.

Nambozo alikuwa anaanika maharage uani. Ni mama wa makamo sasa, mvi zimeanza. Alinipa kigoda, akadhani nimetoka kanisani au serikalini. Nilimwambia jina langu na kazi yangu, kisha nikamweleza yote tangu ukuta kupakwa rangi. Kiswahili chake si kingi, na hapo katikati alinisimamisha.

"Wewe nasema polepole. Hiyo taa ilifanya nini?"

Nikasema polepole. Nikaonyesha kwa mkono. Alichambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Mimi hapana kulia," alisema mwishowe. "Watu walilia, mimi nakaa tu. Nasema, huyu amenidanganya, wacha aende." Kisha akasema, "Mama yake tu ndiye alikataa. Kila siku, huyu mtoto alibeba, hakunywa. Alibeba, hakunywa. Sisi tunamwambia mama nyamaza, watu wanacheka. Akanyamaza."

Nikauliza mama yuko wapi.

"Tulimzika. Hii ni mwezi wa tatu."

Miezi mitatu kabla, nilikuwa nahesabu siku za kustaafu. Nilikuwa nimeamua kusubiri niondoke kazini kwanza, nisije nikajiharibia mwishoni. Nilimwambia hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeamua kutoficha kitu. Aliinuka, akakung'uta gauni, akaniashiria nimfuate.

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mawili yakiwa karibu. Moja lilikuwa na udongo mpya. Lingine lilikuwa limefunikwa na nyasi hadi magotini.

"Sema," aliniambia mbele ya lile jipya. "Huyu Kiswahili hakutaka. Alisema ni lugha ya askari wale walivunja mlango yake. Wewe sema, mimi nitamgeuzia."

Nikavua kofia. Nikasema, "Mama, mwanao hakuwa amelewa. Taa ndiyo iliyompofusha, na taa hiyo niliielekeza mimi. Nimechelewa kuja." Nambozo aliyageuza kwa Kigisu, na maneno yangu machache yakawa marefu kinywani mwake. Nilishika jina la Mafabi tu, mara nyingi, na kila alipolitaja sauti yake ilipanda kidogo, mpaka ikakatika.

Baadaye aligeukia kaburi la mumewe.

"Mama yake ndiye alikuwa anapalilia hapa," alisema. "Mimi sijawahi."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono, na sasa alikuwa analia kwa sauti, kilio cha siku ya maziko. Nilichutama nimsaidie. Akaushika mkono wangu akausogeza pembeni.

"Wewe wacha," alisema. "Hii ni yangu."

Nikasimama kando ya mgomba, kofia mkononi, mpaka alipomaliza.